Jenerali China Hakuwa Mchina

Mwaka jana, tukirudi Dallas kutoka kwenye sherehe za Jamhuri kule Houston, gari letu lilikuwa na watoto wanne, sufuria mbili za pilau iliyobaki, na mama mmoja mgeni aliyekuwa amelala tangu Conroe. Kabla ya kufika Huntsville, upande wa kulia wa barabara ya I-45, sanamu kubwa nyeupe hutokea juu ya miti. Ni Sam Houston, amesimama na bakora yake, urefu wa futi 67 bila kuhesabu jukwaa lililo chini yake. Watoto wetu wanamjua vizuri. Wamefundishwa historia ya Texas darasa la nne na tena darasa la saba. Walituambia jinsi alivyolishinda jeshi la Santa Anna hapo San Jacinto tarehe 21 Aprili 1836, jinsi alivyopigwa risasi kwenye kifundo cha mguu, na jinsi alivyokuwa rais wa Jamhuri ya Texas. Kisha mmoja wao, bado amevaa fulana yenye rangi za bendera yetu, akauliza: "Na sisi, jenerali wetu ni nani?"

Watu wazima tukatazamana. Mmoja akasema Kimathi. Mwingine akasema Kimathi alikuwa Field Marshal, majenerali walikuwa wengine, kwa mfano Jenerali China. Watoto wakacheka. "Kumbe alikuwa Mchina?"

Tulicheka nao, tukawasha redio. Lakini swali lile lilitufuata hadi nyumbani, na makala haya ni jibu ambalo lilitushinda siku ile garini.

Jina lake alilopewa na wazazi ni Waruhiu Itote. Alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Alisoma kidogo, akahangaika na kazi ndogondogo kama vijana wengi wa wakati wake, na mwaka 1942 akaingia jeshi la wakoloni, King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita KAR. Walimpeleka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha Burma kupigana na Wajapani. Burma wengi wetu tuliisikia kwanza kama jina la soko la nyama pale Jogoo Road. Kwa babu zetu ilikuwa matope, mvua isiyokatika, na bonde la Kabaw lenye malaria ambalo askari wa Afrika Mashariki walilipita kwa miguu mwaka 1944 hadi kufika Kalewa, kando ya mto Chindwin.

Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1967, Itote anasimulia mazungumzo mawili ya wakati ule yaliyombadilisha. La kwanza lilikuwa ndani ya handaki karibu na Kalewa. Askari mmoja Mwingereza alimwambia kwamba yeye akifa pale atakuwa amekufa kwa ajili ya nchi yake, kisha akamuuliza Mwafrika huyu atakuwa amefia nini. Hakupata jibu. La pili lilikuwa Calcutta, na hili tunataka watoto waliozaliwa hapa walisikie vizuri: alikutana na askari Mmarekani Mweusi, wakazungumza juu ya uhuru na juu ya watu weusi wa dunia hii. Huyo Mmarekani naye alikuwa amevaa sare za nchi ambayo wakati huo, katika majimbo kama hili letu la Texas, isingemruhusu kukaa kiti cha mbele ndani ya basi. Kwa hiyo wakisema historia ya Mau Mau ni ya mbali sana na Marekani, waambieni kipande chake kimoja kilitoka kwa Mmarekani.

Vita vilipoisha alirudi Kenya. Medali hazikumpa shamba. Alifanya kazi ya kuchochea moto kwenye injini za garimoshi, akajiunga na chama cha KAU, akakutana na vijana wa Nairobi waliokuwa wamechoka kusubiri, na mwaka 1950 akala kiapo. Agosti 1952 aliingia msituni, Mlima Kenya. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo, siku ambayo leo tunaiita Mashujaa.

Jina la China lilikuwa jina la vita. Mpiganaji alihitaji jina ambalo likitajwa sokoni halingepeleka askari nyumbani kwa mamake. Ndiyo maana palikuwa na Jenerali Tanganyika, ambaye hakutoka Tanganyika, na Jenerali Kassam, na wengine. Na tuliondoe kabisa lile wazo la kwamba China iliwasaidia. Mau Mau hawakupata silaha kutoka nchi yoyote ya nje. Waliteka bunduki chache, nyingine wakatengeneza wenyewe kwa mabomba ya maji na komeo za milango, na zilizotengenezwa hivyo mara nyingine zilimlipukia mwenye kushika. Kimathi alikuwa upande wa Nyandarua. China ndiye aliyeongoza Mlima Kenya, akiwa na maelfu ya wapiganaji chini yake, akiwapanga kama alivyofundishwa na KAR: vikosi, vyeo, daftari, nidhamu. Mkoloni alikuwa amemsomesha mwenyewe.

Tarehe 15 Januari 1954 alipigwa risasi kooni katika mapambano, akakamatwa. Yaliyofuata ndiyo yaliyofanya jina lake liwe zito hadi leo.

Alihojiwa kwa jumla ya saa 68. Aliyemhoji ni Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyekulia Kenya na kuzungumza Kikuyu kama mwenyeji. Baada ya hapo alipelekwa mahakamani Nyeri kwa kosa la kukutwa na risasi na kushirikiana na watu wenye silaha, na mwanzoni mwa Februari akahukumiwa kunyongwa. Mwezi mmoja baadaye hukumu ile ikabadilishwa kuwa kifungo. Sababu ilijulikana: alikuwa amekubali kuwaandikia barua wenzake wa msituni, kuwaita kwenye mazungumzo ya kusalimisha silaha.

Je, alisaliti? Wako waliosema hivyo tangu siku ile. Sisi tunaoandika hapa tumefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, wengi wetu tumesomea hapahapa ugenini, na tungependa kulijibu swali hili kwanza kama wauguzi kabla ya kulijibu kama Wakenya. Mtu mwenye jeraha la koo tunamjua. Tumekaa naye usiku kucha. Akimeza mate tu, machozi yanamtoka. Akilala chali anaogopa kwamba hatapumua. Kila neno analosema linapita kwenye kidonda. Sasa mchukue mtu huyo, mweke mbele ya mwenye uwezo wa kumnyonga, mpige maswali kwa saa 68. Darasani tulifundishwa, na kazini tunalitekeleza kila wiki, kwamba mgonjwa ambaye maumivu makali au dawa zimemwondolea uwezo wa kuelewa na kuamua hapewi karatasi ya idhini atie sahihi, na akitia, sahihi hiyo haina nguvu. Kama hatukubali sahihi ya mgonjwa kwa ajili ya upasuaji wa kidole, tutakubalije maneno ya mtu yule kama ushahidi wa moyo wake?

Hatusemi hivyo ili kumtakasa. Barua zilikwenda. Baadhi ya viongozi wa msituni walizijibu, Jenerali Tanganyika akaja Nyeri kukutana na maofisa wa serikali, na wapiganaji wakaanza kukusanyika wakiamini kuna makubaliano. Tarehe 7 Aprili 1954 askari wa KAR walipambana na kundi lililokuwa pembeni mwa msitu, wakaua wapiganaji zaidi ya ishirini. Mazungumzo yakafa palepale. Tarehe 24 ya mwezi huohuo serikali ilizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, na wanaume kwa maelfu wakapakiwa kwenye malori kwenda kizuizini. Anvil ilikuwa imepangwa kabla, kwa hiyo kumtwika China mzigo wake si haki. Lakini wale waliouawa pembeni mwa msitu walikuwa na mama zao. Kuna nyumba ambazo barua ile haijasamehewa, na hatuna haki ya kuziambia zisamehe. Mwenyewe aliandika kwamba alitaka kuokoa maisha na kuilazimisha serikali kuzungumza na Waafrika. Tunamwamini kwa kiasi. Alitaka pia kuishi, na hilo nalo halihitaji kuombewa radhi.

Linganisheni na Kimathi. Alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na tangu 2007 ana sanamu katikati ya Nairobi. Anastahili. Ila ni rahisi kumpenda shujaa aliyekufa akiwa na miaka thelathini na kitu: hakupata nafasi ya kuzeeka mbele yetu. China alizeeka. Alipelekwa Lokitaung, kule Turkana, gereza moja na Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei na Karumba. Kenyatta ndiye aliyekuwa mpishi wao, na ndiye aliyemfundisha China Kiingereza. Fikirieni hilo: jenerali na rais mtarajiwa, jua la Turkana, daftari moja, sufuria ya maharagwe. Aliachiliwa mwaka 1962. Alitumwa Israeli kwa mafunzo ya kijeshi, akarudi, akawa mmoja wa viongozi wa NYS ilipoanzishwa mwaka 1964. Wanaume wengi wa rika letu wamepita huko, wakachimba mitaro na kujenga barabara, bila kujua kwamba aliyesaidia kuisimamisha alikuwa amehukumiwa kunyongwa. Alifariki mwaka 1993. Wengine wetu tulikuwa shuleni, na hatukumbuki mwalimu akitaja.

Kwa nini asitajwe? Mau Mau walibaki kundi lililopigwa marufuku kisheria hadi mwaka 2003. Miaka arobaini baada ya uhuru! Watu waliotoka kizuizini walikuta ardhi imegawanywa na kupewa hati, na mara nyingi waliopata vipande vizuri ni wale waliokuwa upande wa serikali. Kenyatta akasema tusahau yaliyopita. Nyumba nyingi zilitii, kwa sababu ndani ya nyumba hizohizo walikaa wa msituni na homgadi, yaani kamatimu kama mama zetu walivyowaita. Ukiuliza sana, unavunja ndoa ya mtu.

Hata hapa hatujapona. Miaka michache iliyopita, kwenye nyama choma ya chama katika bustani moja Arlington, wanaume wawili wazima, mmoja dereva wa lori na mwingine muuguzi mwenzetu, walianza kwa mzaha wa mpira wakamaliza kwa "babu yako alivaa kanga la homgadi". Hatutaeleza zaidi. Miezi minane hawakusalimiana. Watoto wao wako timu moja ya kandanda, wanakaa benchi moja, na hawajui kwa nini baba zao huegesha magari pande mbili za uwanja.

Wapo pia wanachama wanaotuambia, kwa upole, kwamba haya ni mambo ya Wakikuyu, si ya Kisumu wala ya Mombasa wala ya Kakamega. Tunawasikia. Ni kweli uzito mkubwa uliwaangukia Wakikuyu, Waembu na Wameru. Lakini askari wa KAR waliotumwa msituni walitoka kote Kenya, Uganda na Tanganyika. Achieng Oneko alishtakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Paul Ngei, Mkamba, alikaa Lokitaung. Ukitafuta vizuri utakuta babu yako naye alikuwa mahali fulani katika hadithi hii, labda mahali ambapo usingependa kumkuta.

Turudi kidogo kwa Sam Houston, maana yeye ndiye aliyeanzisha maneno. Ukisimama chini ya sanamu ile unamwona mshindi. Haikwambii kwamba alikuwa na watumwa. Wala haikwambii kwamba mwaka 1861, akiwa gavana, alikataa kula kiapo cha utii kwa majimbo yaliyojitenga, akaondolewa madarakani, na wengi wa Texas wakamwita msaliti. Leo jiji kubwa kuliko yote ya jimbo lina jina lake, na Fort Worth ina jina la jenerali mwingine, William Jenkins Worth. Tunaishi kwenye majina ya majenerali, tunalipa kodi za nyumba kwenye majina ya majenerali. Watexas hawakusubiri mtu asiye na doa. Waliweka doa kando, pengine kando mno, na sisi hatutaki kuiga hilo. Tungependa watoto wetu wapewe China mzima: Burma, msitu, risasi, barua, Lokitaung.

Kule Nairobi, Septemba 2015, ilizinduliwa kumbukumbu ya Mau Mau katika Uhuru Park. Ilitokana na kesi ya wazee walioishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kizuizini. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, na ikasema inajutia yaliyotendeka. Gawanyeni wenyewe muone kila mzee alibaki na kiasi gani. Lakini tazameni ile sanamu mkienda likizo. Hapana jenerali pale. Kuna mwanamke anampa mpiganaji chakula, na kila mmoja anatazama upande wake. Hawatazamani ili akikamatwa mmoja asiweze kumtaja mwenzake. Aliyeibuni alijua anachokisema. Vita vya China vilisimama juu ya wanawake wa aina hiyo. Chakula, dawa, risasi, habari: vyote vilipanda mlimani ndani ya vikapu vyao. Ndiyo maana kuanzia Juni 1954 serikali iliwakusanya zaidi ya watu milioni moja katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa uzio, amri ya kutotoka, na njaa. Iliyokuwa ikivunjwa ni ile mikono ya kikapu.

Na wale waliokuwa watoto ndani ya vijiji hivyo, wako wapi? Wengine wako hapa. Wako Katy, Garland, Grand Prairie, Sugar Land. Wamekuja kwa viza ya miezi sita kutusaidia kulea wachanga wakati tunashika zamu za usiku. Wanakaa sebuleni na runinga wasiyoielewa, wanatusubiri turudi na soksi za kazini, na sisi tukirudi tunaulizia mtoto amekula nini, kisha tunalala. Sisi ambao kazini tunamkalisha mzee wa watu na kumuuliza mwaka gani, rais nani, jina la binti yake nani, ili tujue kumbukumbu imebaki kiasi gani! Mama yetu wenyewe hatumuulizi.

Mama aliyekuwa garini mwaka jana hakuwa amelala. Tulilijua hilo wiki mbili baadaye, siku ya Jumapili, akiwa amempakata mjukuu mdogo, yule wa fulana ya bendera amekaa zuliani na kazi zake za shule. Akasema tu, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana: "Hakuwa Mchina. Sisi tulimwimba." Kijana akaacha penseli. Mama akaeleza kwamba mwaka wa kijiji alikuwa na umri kama wa huyo mjukuu, miaka minane, na kwamba watu wazima walitolewa kila asubuhi kwenda kuchimba handaki la kuutenga msitu wa Mlima Kenya na mashamba, ili chakula kisipite. Handaki hilo limo kwenye vitabu. Lilikwenda karibu maili 50, na chini yake vilisimikwa vijiti vilivyochongwa. Mama hakujua maili. Alijua kwamba mamake alishuka humo asubuhi na jioni akavutwa kwa kamba, na kwamba watoto walibeba udongo kwa karai.

"Lilikuwa refu kiasi gani kwenda chini?" kijana akauliza.

Mama akatazama dari ya sebule. Kijana akakimbia gereji, akarudi na futi ya baba yake, akapanda juu ya kiti, akapima kutoka sakafuni: futi tisa.

"Hapana," mama akasema, akipandisha mkono wake mmoja huku mwingine umemshikilia mtoto. "Lilipita hapo."